Malori ya Kibaha

Nilipokuwa mtoto, Kibaha ulikuwa mji unaotoa malori, na sisi hatukuona ajabu yoyote. Pale kiwanda cha TAMCO, miaka ya 1980, mafundi walikuwa wakiunganisha Scania kwa vipuri vilivyotoka Sweden. Kule Nyumbu, wataalamu wa jeshi letu, JWTZ, walikuwa wakisanifu lori lao wenyewe na kulipa jina hilohilo la Nyumbu. Mtaa wetu wa Sofu wakati huo ulikuwa mikorosho, miembe na nyumba za kuhesabika, kwa hiyo sauti za Barabara ya Morogoro zilitufikia vizuri, hasa usiku. Tulikuwa tukishindana kutambua gari kwa muungurumo tu: hiyo Bedford, hiyo Leyland, hiyo Scania imebeba mzigo, hiyo inarudi tupu.

Jumapili mashindano hayo yalikuwa yanadorora. Vita vya Kagera vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, mafuta yalikuwa ghali, na ikifika saa nane mchana magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani. Wenye Peugeot waliwahi nyumbani kama wanaokimbia mvua.

Baba alikuwa fundi magari. Gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati chini ya mkorosho, na ndani yake kulikuwa na rafu moja ambayo wateja hawakuruhusiwa kuigusa. Hapo aliweka taa ya mbele ya Bedford iliyopasuka kioo, usukani wa Land Rover, vibao vya namba za zamani, kifuniko cha ringi cha Chevrolet, na kopo la mafuta ya kula la msaada wa Marekani. Kopo lile lilikuwa na picha ya mikono miwili ikishikana, na maandishi ya Kiingereza yaliyosema kwamba haliuzwi. Lilitufikia miaka ileile tuliyokula unga wa mahindi ya njano, ule tuliouita unga wa yanga. Mafuta yalipokwisha, mama alilisugua kwa majivu akatumia kupimia mchele. Lilipoanza kuota kutu ukingoni, baba akalichukua kuwekea nati.

Kifuniko cha Chevrolet nacho kilikuwa na historia yake. Kabla ya ufundi, baba alikuwa utingo wa malori ya Zambia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilibanwa njia ya kupitishia mafuta yake, na malori yakaanza kutoka Dar es Salaam yamejaa mapipa. Mvua ikinyesha, barabara ya vumbi iligeuka tope, na malori yalipinduka mabondeni mapipa yakiwa juu. Madereva wakaiita barabara ya jehanamu. Baadaye Marekani ikatoa fedha za kuweka lami sehemu kubwa ya njia hiyo, na kati ya mwaka 1970 na 1975 Wachina wakajenga TAZARA. Baba alipenda kusema, “Mmarekani kaleta lami, Mchina kaleta reli, na sisi tukaleta migongo.” Kifuniko kile alikiokota porini, kando ya gari ambalo hakumjua mwenyewe.

Mambo yalibadilika polepole. Kuunganisha malori kulihitaji fedha za kigeni za kununulia vipuri, na fedha hizo hazikuwapo. Kisha biashara ikafunguliwa, magari yaliyotumika yakaanza kumiminika kutoka Japani, na lori jipya la kuunganishwa hapa likakosa pa kusimama. Kelele za TAMCO zilipungua, zikakoma. Jina likabaki kwa makondakta: “TAMCO, wa kushuka!”

Baba alipofariki, vitu vya gereji vilipimwa kwa kilo. Alikuja kijana wa chuma chakavu na mizani yake ya kuning'iniza. Usukani ulipanda mizani, kifuniko cha Chevrolet kikafuata. Kopo alilirudisha, akasema ni jepesi, halina faida. Na malori yenyewe yameishia huko huko: yanakatwa kwa gesi, yanayeyushwa, yanatoka yakiwa nondo. Ukiitazama Sofu ya leo, kila kiwanja kina nguzo za nondo zinazopanda.

Nilikwenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, kuona magari yaliyobahatika kutunzwa. Ipo Austin ndogo aliyopanda Mwalimu Nyerere enzi za kudai uhuru, na ipo Rolls-Royce iliyombeba gavana wa Kiingereza kabla ya kumbeba Mwalimu. Ukisimama mbele ya magari hayo mawili unaielewa safari ya nchi bila maelezo mengi. Nilitoka nikiwa nimeridhika, ila na swali moja. Gari huingia makumbusho kwa sababu ya aliyekaa kiti cha nyuma. Aliyelifunga boliti hana pa kuingilia. Na sheria zetu nazo huuona uzee wa gari kuwa kosa: ukiingiza lililozidi umri uliowekwa, unalipa ushuru wa uchakavu.

Sasa eneo la TAMCO limeamka tena. Kampuni ya GF inaunganisha hapo malori ya FAW ya China. Nafurahi. Lakini juzi nilimsikia kijana wa hapa mtaani akiwaambia wenzake kwamba kwa mara ya kwanza Kibaha inaunganisha magari, na hakuna aliyembishia. Wangembishia kwa lipi? Hakuna Scania hata moja iliyowekwa mahali wanafunzi wa shule zetu wakapelekwa kuiona.

Siombi jengo la vioo. Lori moja linatosha, liwekwe chini ya paa la bati pale pale lilipounganishwa, likiwa na kibao chake cha chasisi. Baadhi ya mafundi wa zamani bado tunakutana nao msikitini na sokoni. Wakae nalo, wawasimulie hawa vijana wa FAW namna kazi ilivyofanyika, na hasa kwa nini ilisimama.