Magaliesberg, Jirani Yetu

Jumamosi moja tuliliacha vumbi la Diepsloot, tukashika barabara ya R511 kuelekea kaskazini, hadi milima ya Magaliesberg, ambayo tangu mwaka 2015 ni hifadhi ya viumbe hai ya UNESCO. Karibu na Skeerpoort magenge yamekuwa meupe kwa kinyesi cha tumbusi wa Cape, ndege watagao yai moja tu kwa mwaka. Kamera ilikuwa moja, nayo ya kuazima. Kila mtoto alipewa picha mbili. Tumbusi walitoka wadogo kama punje za pilipili manga! Hata hivyo tulizituma nyumbani, kwani jamaa zetu huijua Diepsloot kwa habari za ghasia tu. Bibi mmoja wa Moshi alijibu: milima ni mizuri, lakini theluji i wapi?