Upande Usioonekana

Msomaji ataniwia radhi nikianza kwa kukiri kosa, maana insha hii ni zao la kosa hilo. Mimi si fundi wa magari kwa kuzaliwa wala kwa kufundishwa. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa vyombo vya baharini huko Pangani, na kazi aliyonirithisha ni kukalafati: kushindilia pamba iliyolowa mafuta katika viungo vya mbao ili maji yasipate njia. Maisha yalinichukua mbali na bahari, yakanitua Tamworth, mji ulio katikati ya Uingereza, pasipo jahazi wala pwani. Huko ndiko nilikokutana na tundu lililonipima.

Jirani yangu, mzee mgane aliyepita miaka 80, ana gari aina ya Reliant Scimitar GTE la mwaka 1972. Aina hiyo ilitokea mwaka 1968, na kiwanda chake kilikuwa katika mji wetu huu. Leo kiwanda hakipo tena, lakini gari lipo. Ajabu yake ni kwamba gamba lake si la bati. Chini lina kiunzi cha chuma, ila juu limevikwa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizolowekwa katika utomvu wa poliesta, kisha utomvu ukagandishwa kwa dawa. Huko Marekani kampuni ya Chevrolet ilitangulia kuuza gari la namna hiyo mwaka 1953, lilipotoka Corvette. Mwaka ule yaliundwa 300 tu. Faiba haijui kutu, walakini ina udhaifu wake. Bati likigongwa hubonyea, faiba hupasuka.

Gari la mzee lilikuwa na matundu mawili. Moja, pana kama sarafu, lilitobolewa zamani kwa ajili ya mlingoti wa redio. La pili, pana kama kiganja, lilikuwa katika madigadi ya mbele karibu na taa, mahali ambapo marehemu mkewe aligonga nguzo ya lango. Mjukuu wao alikuwa aolewe majira ya kuchipua, na mzee alitaka kumpeleka bibi arusi kwa gari lile alilolipenda bibi yake. Aliposikia kuwa nimelelewa katika kazi ya kuziba, aliniomba nimsaidie, nami nikakubali kwa majivuno.

Nilifanya kazi mwezi wa Januari, katika banda ambalo joto lake halikufika nyuzi 10. Kufikia upande wa ndani wa madigadi kulihitaji gurudumu livuliwe na mtu alale juu ya saruji iliyo baridi, akwangue tope na mafuta ya miaka 50. Sikufanya hivyo. Nilikwangua rangi kidogo upande wa nje, nikabandika kipande cha mkeka wa nyuzi za kioo, nikapaka utomvu. Kwa baridi ile haukukauka sawasawa. Siku ya pili ulikuwa bado unanata. Nikaufunika kwa lipu, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Mzee alipitisha mkono, akasema hawezi kujua tundu lilikuwa wapi. Macho yalimlenga machozi. Akanipa bahasha, nami nikaipokea.

Usiku ule nilirudi bandani, nikagonga kiraka kwa kifundo cha kidole. Sehemu nyingine za gamba zilitoa mlio mkavu. Kiraka kilitoa mlio wa kitu kilichokufa. Nikajua kuwa mtikiso wa barabara na jua la kwanza vitakibandua. Hata hivyo nilinyamaza juma zima. Nilijiambia kuwa tundu la gari halizamishi mtu, na kwamba mzee amefurahi, kwa nini nimwondolee furaha yake?

Ndipo nilipomkumbuka baba. Nilikuwa na umri wa miaka 12 nilipojaza pamba juujuu tu katika kiungo kilichofichika chini ya mashua ya mtu. Baba aliigundua, akaing'oa yote kwa chuma mbele ya mwenye mashua. Nililia kwa aibu. Akaniambia, "Mwanangu, mwenye chombo haoni, lakini maji yanaona." Siku ile nilidhani ananikomoa.

Basi nikaenda kwa mzee, nikamrudishia bahasha na kumweleza. Hakukasirika kwa sauti. Alikaa kimya, kisha akasema, "Tundu nililijua. Kiraka hiki sikukijua." Siku tatu hakunisalimu. Siku ya nne aligonga mlango wangu na kuuliza kama kazi yaweza kumalizika kabla ya arusi.

Tulianza upya. Kiraka changu kilibanduka kizima, kama ganda la yai lililochemshwa. Tulivua gurudumu, nikalala sakafuni na kusafisha upande wa ndani mpaka faiba yenyewe ikaonekana. Nilivaa barakoa, miwani na glavu, kwa kuwa vumbi la kioo halifai kifuani wala ngozini. Kingo za tundu nilizichonga kwa mshazari, zikaenda zikipungua unene kwa upana wa vidole vitatu, maana utomvu mpya hauungani na wa kale kwa urafiki. Hushika kwa kukwaruzwa na kwa eneo pana. Nikafuta vumbi kwa asetoni. Tuliwasha hita mpaka banda likafika nyuzi 20, na mzee akapima dawa ya kugandisha mwenyewe: gramu 2 kwa gramu 100 za utomvu. Ikipungua sana, utomvu hubaki laini. Ikizidi, huchemka na kupasuka. Mkeka niliuchana kwa mkono badala ya kuukata kwa mkasi, ili nyuzi za pembeni zisambae na kujificha. Tulitia tabaka tatu ndani, kisha nyingine nje, na kila tabaka nikaligongagonga kwa ncha ya brashi ili hewa itoke, kwani povu moja likibaki ndani hufura baadaye chini ya rangi. Lipu ilikuja mwisho, nyembamba, kwa kulainisha tu, si kwa kuziba. Tundu la mlingoti nalo tulilifanyia vivyo hivyo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami nimejifunza kuwa azibaye ufa kwa hila hujenga ukuta pia, na huujenga mbele ya macho ya yule aliyemwamini.

Mwezi wa Mei bibi arusi alipelekwa kwa gari lile. Mvua ilikuwa ikinyesha na barabara ilijaa matope. Waalikwa waliisifu rangi. Mzee hakusema neno juu ya rangi. Aliinama, akapitisha mkono chini ya madigadi, upande ule ambao mkeka wa kioo bado unaonekana na kukwaruza vidole. Kisha akanifungulia mlango, akaniambia nipande.