Kwenye Mzani wa Vifurushi

Niliajiriwa Stesheni ya Dar es Salaam kuwa karani wa vifurushi, miaka michache baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na reli yetu kuwa chini ya Shirika la Reli Tanzania. Abiria waliijua stesheni kwa dirisha la tiketi. Mimi niliijua kwa mlango wa ubavuni, palipokuwa na mzani wa chuma, kopo la rangi, brashi na kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni.

Mizigo mingi ilitoka Kariakoo. Siku ya treni ya bara, mikokoteni ilianza kuteremka kupitia Mnazi Mmoja tangu asubuhi, imesheheni marobota ya vitenge, masufuria yaliyopachikwa moja ndani ya jingine, magodoro na baiskeli. Kila mwenye mzigo alitaka wake upakiwe kwanza. Mzee aliyenifundisha kazi hakuwasikiliza.

"Mwanangu," aliniambia, "ukipakia behewa, fikiria Tabora."

Tabora ndipo treni ilipokatwa: mabehewa mengine yakapanda Mwanza, mengine yakashika njia ya Kigoma. Robota la mama wa Uvinza, iliyo njia ya Kigoma, likiingia behewa la Mwanza, biashara yake ya mwezi mzima imelala. Ndiyo maana tuliandika jina la stesheni kwa brashi, herufi kubwa, pande zote mbili, kisha tukavuta kamba kwa mkono. Ikilegea, mzigo ulirudishwa ukafungwe upya. Watu walinuna, nami sikuwahi kulegeza.

Njia hiyo ya Kigoma Wajerumani walianza kuijenga hapa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914, jumla ya kilomita 1,252. Tawi la Mwanza lilikamilishwa na Waingereza mwaka 1928. Vitabu huwataja wahandisi. Waliochimba tuta na kulaza mataruma walikuwa maelfu ya Waafrika, na ningependa watajwe wao kwanza. Hata meli ya Götzen, ambayo leo ni Liemba, ilipita kwenye reli hii ikiwa vipandevipande ndani ya makasha, ikaenda kuungwa Kigoma. Nilipopokea mashine ya kusaga iliyofunguliwa, kila kipande na lebo yake, niliikumbuka meli ile, nikahesabu vipande mara mbili.

Treni ya kurudi ilikuwa na harufu yake. Madumu ya mawese, dagaa na migebuka mikavu kutoka Kigoma, asali ya Tabora. Akina mama wa sokoni walifika kabla ya injini kuonekana.

"Shikamoo baba, mzigo wangu umo?"

"Marahaba mama. Tuone stakabadhi."

Kibaya kilikuwa mvua. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za abiria hazikuweza kutoka Dar. Watu wa Kariakoo walihamia kwenye mabasi na malori, na wengi hawakurudi. Mwaka 2012 stesheni ilichangamka tena kwa treni ya mjini ya kwenda Ubungo, ambayo watu waliiita ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi. Ilisaidia sana wafanyakazi, lakini robota la Kigoma haliendi Ubungo.

Tangu 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro na Dodoma. Nimeipanda, ni nzuri, na nafurahi kuiona. Ila vijana wa Mtaa wa Msimbazi bado huniuliza namna ya kupeleka mzigo Uvinza, nami huwaambia yaleyale: katani mpya, mafundo manne, jina pande mbili, na stakabadhi isikae ndani ya mzigo.