Dhana Mbaya na Koili Iliyoungua

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu kuikuta habari ya pikipiki katika kurasa ambazo umezoea kusoma habari za malezi na tabia njema. Nivumilie kidogo. Habari yenyewe hasa ni ya ulimi. Ila ulimi wangu uliteleza juu ya pikipiki, nami siwezi kukueleza kuteleza kwake bila ya kukueleza chombo chenyewe.

Ninayo pikipiki ya Kijapani ya mwaka 1981, ya silinda nne na cc 1,000. Katika siku zake ilikuwa miongoni mwa vyombo vya mbio, chenye kupita kilomita 200 kwa saa. Mimi sikuitaka kwa mbio; niliipendea sauti yake na uzima wa injini yake. Lakini ilikuwa na ugonjwa mmoja: haikai na chaji.

Yafaa ujue umeme wake watoka wapi. Ubavuni mwa injini kuna gurudumu lenye sumaku, na ndani yake kuna koili za waya wa shaba zilizosukwa kwa mafungu matatu. Sumaku ikizunguka, koili hutoa umeme wa kwenda na kurudi, ambao betri haiutaki. Basi waya tatu huupeleka kwenye kikasha cha alumini kiitwacho regyuleta. Hicho kina kazi mbili: kuunyosha umeme uende njia moja, na kuuzuia usizidi kiasi cha voliti 14 na nusu. Betri ya voliti 12 ikishindiliwa zaidi ya 15 kwa muda mrefu huchemka na kukauka.

Mwaka wa kwanza koili ziliungua. Nikampelekea mzee mmoja fundi wa mtaani kwetu Mombasa, naye akazisuka upya. Miezi 7 baadaye nilikuwa natoka Kilifi baada ya magharibi, binti yangu wa miaka 12 amekaa nyuma. Tulipofika kwenye mashamba ya katani ya Vipingo taa ikafifia, ikawa nyekundu kama kaa la kufa. Injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Giza totoro, na malori yatupita kwa kasi hata nguo zikapepea. Mtoto alinishika mkono asiseme neno. Saa nzima tuliisukuma mpaka tukapata msaada.

Nilifika nyumbani nimejaa hasira. Kesho yake, barazani kwenye kahawa, nilisema: "Yule mzee amenitilia waya mbovu. Amekula pesa zangu, na karibu aniulie mwanangu." Maneno hayo hayakuzidi pumzi moja. Nikanywa kahawa yangu, nikaenda zangu.

Ewe ndugu yangu, neno likitoka halina hatamu. Baada ya wiki chache nilisikia kwamba fulani mwenye teksi amehamisha kazi zake kwa fundi mwingine, kwa kuwa "yule mzee siku hizi si mwaminifu". Sikusikitika. Nilijiona nimewaonya watu.

Lakini mafundi wengine wote niliowaendea walikataa kusuka koili zile. Nikarudi kwa mzee yule yule, kichwa chini. Hakunikaripia. Alizigeuzageuza koili mkononi, akasema: "Mwanangu, hizi zimeungua pale pale zilipoungua za kwanza. Mgonjwa akirudi na homa ile ile, usimpe dawa ile ile. Tutazame kinacholeta homa."

Akazisuka tena, akazirudisha injinini, akaniita nishuhudie kwa macho yangu. Akaipandisha injini mpaka mizunguko 5,000 kwa dakika, akapima waya zile tatu mbili mbili, zikiwa hazijaunganishwa na kitu. Kila jozi ilitoa zaidi ya voliti 60, na zote tatu sawasawa. "Hapa hapana kosa," akasema. Kisha akaziunganisha, akapima kwenye regyuleta: voliti 14.4. Akapima kwenye betri: 13.1. Zaidi ya voliti nzima imepotea njiani! Tukafuata waya. Tukakuta soketi ya plastiki imekuwa nyeusi na kuyeyuka, na waya mmoja katika zile tatu ukipanda hadi kwenye swichi ya taa kisha ukarudi chini, kama zilivyofungwa baadhi ya pikipiki za miaka ile.

Kisha akanifunza jambo ambalo sikulijua. Regyuleta ya zamani, umeme ukizidi haifungi mlango. Huziunganisha waya za koili zenyewe kwa zenyewe, umeme ukarudi kuzunguka humo humo na kugeuka joto. Basi koili hazipumziki, zafanya kazi ya mwisho wa nguvu zao mchana na usiku. Nami kwa ujanja wangu nilikuwa nikizima taa mchana nikidhani nazihurumia! Kumbe kila nilivyopunguza matumizi, ndivyo umeme mwingi ulivyorudishwa kuziunguza.

Tukabadilisha mpango wote. Ndugu yangu aliyeko Maskati akaniletea regyuleta ya namna nyingine, ambayo umeme ukitosha huikata njia, koili zikapoa. Zile waya tatu tukazipeleka moja kwa moja bila ya kupitia swichi, na viungo tukavichomea risasi. Kikasha tukakitoa nyuma ya betri palipokuwa na joto, tukakifunga mbele penye upepo. Kutoka hapo tukapitisha waya mbili nene hadi kwenye betri yenyewe, ule wa chanya ukiwa na fyuzi ya ampia 30. Tulipopima, betri ilisoma 14.2, taa ikiwashwa na ikizimwa. Kikasha ambacho zamani hakishikiki kwa moto kilikuwa vuguvugu tu.

Nilipotoa pesa kumlipa, mkono ulinitetemeka. Nikamwambia, "Mzee wangu, mimi nilikusema vibaya barazani." Akajibu bila ya kuinua macho kwenye kazi yake: "Nilisikia siku ile ile."

Wallahi, ndugu msomaji, jibu hilo lilinichoma zaidi ya tusi. Alijua, na bado alinisukia koili zangu kwa uangalifu, waya juu ya waya. Nikamwomba msamaha, akanisamehe. Lakini nilijiuliza: yeye amenisamehe, je, mwenye teksi nani atamrudisha? Basi jioni ile ile nilikwenda kwenye baraza ile ile, nikaketi na watu wale wale, nikasema kwa sauti: "Nilimzulia yule mzee. Kosa lilikuwa katika pikipiki yangu, na mimi sikupima kabla ya kusema." Ilikuwa kahawa chungu kuliko zote nilizowahi kunywa. Mwenye teksi nilimfuata nyumbani kwake. Alirudi kwa mzee. Wengine wawili hawakurudi mpaka leo, na hilo ni deni langu.

Misimu miwili ya mvua imepita. Mwezi jana tulifungua ubavu wa injini tukazitazama koili: rangi ya shaba safi, hakuna hata weusi wa moshi. Nilifurahi, kisha nikasikitika, kwani waya husukwa upya kwa siku moja, na jina la mtu haliwi hivyo.

Ndugu msomaji, kitu chako kikiharibika mkononi mwa mwenzio, chukua mita kwanza kabla ya kuuchukua ulimi. Pima huku na pima kule. Huenda koili ni nzima, na moto unatoka kwako.

Wassalaam.