Tochi ya bondeni

Ukiwa mgeni wa barabara hii ya TANZAM utashangaa kuona wanaume wazima, wenye watoto na mashamba ya miti, wanaogopa tochi. Si tochi ya betri. Ni kile kifaa anachoshika trafiki, kinachopima mwendo wa gari, kulipiga picha na kuandika spidi humo humo. Kwetu Mafinga neno hili limeshaingia hadi jikoni. "Baba kapigwa tochi" nyumba nzima inaelewa: leo ugali kwa majani.

Tochi moja ni shilingi 30,000. Kwa mwanachuo aliyepata bumu jana hiyo si hela ya kufa mtu. Kwa baba yangu mdogo ni habari nyingine. Anaendesha Noah ya abiria, Mafinga kwenda Iringa, kama kilomita 80, na gari si lake. Jioni anapeleka hesabu kwa tajiri, kinachobaki ndio chake. Tajiri hasikilizi stori za tochi. Aliyeshika usukani ni wewe, faini ni yako, hesabu iko pale pale. Maana yake ukipigwa umeamka saa kumi alfajiri, kwenye baridi ya mwezi wa sita ambayo inakata masikio, ukafanya kazi mpaka usiku bure. Na wale abiria waliokuwa wanasema "suka kanyaga, tunachelewa"? Gari likisimamishwa wote wanaangalia dirishani kama wanahesabu misonobari. Nawajua, wengine mnasoma hapa.

Ndio maana madereva wana lugha yao. Gari linalotoka mbele likiwasha taa mara mbili mchana kweupe, ujue kuna tochi. Unashuka hadi 50, unapita kwa adabu, ukivuka kona unarudi 90. Konda wa gari la mbele naye anapiga simu. Lakini askari nao si watoto: mwenye tochi anakaa mahali, anawatumia wenzake picha kwa simu, wewe unasimamishwa mbele huko ukiwa umeshasahau hata kibao chenyewe. Mchezo wa paka na panya. Baba mdogo siku hizi kabla ya kuondoka anaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa deni la faini mtandaoni, aone kama kuna jipya, maana deni likichelewa nalo linaongezeka.

Sheria yenyewe sina ugomvi nayo. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, imetukuta wote. Kwenye makazi ni 50. Mabasi na malori makubwa, hata nje ya makazi, mwisho 80. Na sisi wa Mafinga hatuhitaji semina kujua barabara hii inaua. Machi 2015, nikiwa shule ya msingi, pale Changarawe kontena la lori liliangukia basi lililotoka Mbeya kwenda Dar. Walikufa zaidi ya watu 40. Mashimo ya barabara yalitajwa sana katika ajali ile, kwa hiyo sitaki kuitwisha spidi kila kitu. Ila tangu siku ile, mama akisikia basi limechelewa hakai chini.

Kilichonifanya niandike ni mazoezi ya kufundisha. Nilipangiwa sekondari moja iliyo kando ya barabara kuu, sehemu kubwa ya wanafunzi wanakaa ng'ambo. Asubuhi, ukungu umelala, sweta za kijani zinasubiri kuvuka, na malori ya nguzo na mbao yanapita. Kuna kibao cha 50, kuna pundamilia iliyofifia. Nilisimama pale siku nyingi na wanafunzi wangu, na nawaambia, dereva anayepunguza mwendo kwa sababu ya kuona watoto alikuwa wa kuhesabu.

Nikaamua kuliingiza darasani. Kidato cha pili, fizikia, mada ya mwendo. Gari la spidi 50 linakwenda kama mita 14 kwa sekunde moja. La 80 linakwenda mita 22. Wakatoka nje, wakapima kwa hatua upana wa barabara, wakahesabu sekunde mtu anazotumia kuvuka. Halafu nikawapa nishati: mwendo ukipanda kutoka 50 hadi 70, nguvu ya kugonga inakaribia mara mbili, ukifika 80 ni mara mbili na nusu. Darasa likawa kimya kidogo. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akaacha Kiingereza chote pembeni: "Mwalimu, sasa kwa nini trafiki anakaa kule bondeni, asikae hapa tunapovuka?"

Sikuwa na jibu la kwenye silabasi. Kule bondeni ni mteremko, hakuna nyumba mbili zilizokaribiana, ila kibao cha mwisho wa 50 kiko mbele zaidi. Lori lililobeba mzigo likiachiwa pale lazima lizidi. Kwa kukamata, ni mahali pazuri mno. Kwa kumlinda mtoto, hakuna mtoto.

Tunaosoma ualimu jambo hili tunalijua vizuri. Mkaguzi akitangaza anakuja Alhamisi, maandalio ya masomo yanaandikwa Jumatano usiku ya mwezi mzima. Mwalimu anakuwa amemwandalia mkaguzi, si mwanafunzi. Dereva wa barabara hii naye amefundishwa hivyo hivyo miaka yote. Anajua tochi inakaa wapi kuliko anavyojua shule iko wapi. Mabasi angalau yana kile kifaa cha VTS kinachopeleka mwendo wao LATRA safari nzima, hayana kichaka cha kuvizia. Noah na malori mengi bado wanaishi kwa kuwashiana taa.

Nilimpelekea baba mdogo lile swali la binti, nikitegemea atawatetea madereva wenzake. Alikuwa anakunywa chai, akaiweka chini.

"Akisimama pale shuleni na magwanda yake meupe, kila asubuhi, namwona tangu mbali, mimi nitakwenda 50 kila asubuhi. Hela yangu inabaki mfukoni, watoto wanavuka. Sasa yeye atamkamata nani?"

"Si ndio vizuri, baba mdogo?"

"Kwako wewe mwalimu ni vizuri. Kwenye daftari lake ataonekana hajafanya kazi."

Wiki ya mwisho ya mazoezi mwalimu mkuu aliandika barua kuomba askari wa kuvusha wanafunzi asubuhi, na hesabu za kidato cha pili zikaambatanishwa. Nilipanda gari kurudi chuo Jumamosi. Tulipokaribia bondeni, lori la mbele yetu likawashiwa taa mara mbili.