Mombo hadi Lushoto: Mlima unaopima shokapu za bodaboda

Pale Mombo, mkoani Tanga, barabara kuu iendayo Arusha inatoa tawi jembamba la lami linaloelekea Milima ya Usambara. Tawi hilo lina urefu wa kilometa 33 hivi, na mwisho wake ni mji wa Lushoto, ulio kwenye kimo cha mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Mombo iko chini kwenye joto la mashamba ya mkonge. Safari hiyo fupi humpandisha abiria karibu mita 1,000, na wakati wa kurudi humshusha zote.

Wanaoipita ni wakulima wenye kabichi na karoti, akinamama wanaowahi soko la Soni, na wanafunzi. Mabasi yapo, lakini vijiji vingi viko mbali na lami, na huko usafiri wa uhakika ni bodaboda. Ndiyo maana kuna wazazi wanaoingia makubaliano na dereva mmoja: asubuhi anampeleka mtoto shule, jioni anamrudisha. Mzazi huangalia tabia ya dereva, leseni na kofia ngumu. Shokapu za mbele ni wachache wanaozikumbuka.

Kupanda hakuzionei sana. Uzito hulalia nyuma, injini ndiyo inayohangaika. Kazi huanza kwenye mteremko, hasa chini ya maporomoko ya maji ya Soni, ambako barabara imebana kati ya ukuta wa mwamba na bonde, kona baada ya kona. Dereva akishika breki, uzito wa pikipiki, wake na wa abiria husukumwa mbele, nao mteremko huongeza. Mzigo huo wote huangukia miguu miwili ya chuma inayoshika tairi la mbele.

Ndani ya kila mguu mna springi na oili. Springi hubeba uzito. Oili hupita kwenye matundu madogo na kupunguza kasi ya springi, isibonyee ghafla wala isiruke juu ghafla. Oili ikichakaa au ikivuja, pikipiki huinamisha pua kila breki inaposhikwa. Shokapu zikifika mwisho, hakuna tena cha kumeza shimo linalofuata. Tairi hurukaruka, hupoteza mshiko, na pikipiki hutoka nje ya kona aliyokusudia dereva. Yote hayo yanaweza kutokea hata kama mwendo si mkubwa.

Kwa hiyo kuboresha shokapu huanza na jambo la kawaida kabisa: kumwaga oili ya zamani, kubadilisha sili za mpira zinazozuia uvujaji, na kuweka oili ya shokapu kwa kipimo cha mtengenezaji, sawasawa miguu yote miwili. Oili nzito kidogo hutuliza pua ya pikipiki inayobeba abiria kila siku. Springi zilizolegea hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, na kwa pikipiki ya mizigo zipo springi ngumu zaidi.

Kuna njia za mkato ambazo hazifai. Moja ni kujaza oili kupita kipimo ili pikipiki isiiname. Hewa iliyobaki ndani hubanwa mno, na sili hupasuka. Nyingine ni kukandamiza springi kwa kipande cha bomba. Kipande kifupi kilichopimwa huinua pua iliyolala, lakini hakigeuzi springi dhaifu kuwa ngumu. Kikiwa kirefu mno, shokapu hukosa nafasi ya kucheza.

Ubaya wa shokapu ngumu kupita kiasi huonekana vizuri mbele ya Lushoto, kwenye barabara ya vumbi na mawe inayokwenda Mtae, kijiji kilicho ukingoni mwa milima juu ya mbuga za Mkomazi. Huko shokapu isiyobonyea hulirusha tairi kutoka jiwe hadi jiwe, na tairi lililo hewani haligeuzi wala halishiki breki. Wakati wa masika udongo mwekundu huteleza, na kosa hilo huwa kubwa zaidi. Shokapu nzuri ni ile inayobonyea kwa kiasi na kurudi polepole.

Mzazi hahitaji kuwa fundi ili aikague. Pikipiki ikiwa imesimama, dereva ashike breki ya mbele na kuisukuma pua chini kwa nguvu. Irudi juu mara moja na kutulia. Ikidundadunda, oili imechoka. Bomba linalong'aa lifutwe kwa kidole. Kidole kikitoka na oili, sili imekufa, na oili hiyo inaweza kushuka hadi kwenye breki. Kwenye pikipiki zenye mipira ya kukinga vumbi, mipira hiyo iinuliwe kwanza. Kisha dereva na abiria wapande: pua ishuke robo hadi theluthi ya nafasi yake, si zaidi.

Shokapu mpya hazihalalishi mishikaki. Kanuni za usafiri wa bodaboda nchini zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka 9, na springi zilizotengenezwa kwa watu wawili haziwezi kubeba wanne kwenye mteremko wa Soni.

Oili na sili mbili ni gharama ndogo kuliko tairi jipya, ila dereva anayelipa hesabu ya tajiri kila jioni huiahirisha hadi ivuje. Wazazi wa watoto wawili au watatu wanaobebwa kwa zamu na dereva mmoja wanaweza kuichangia kabla ya masika, na kusimama kwa fundi hadi oili ya zamani imwagwe mbele ya macho yao.