Kamera au bati?

Nyumba nyingi hugombana kwa sababu ya nyumba ndogo, simu au mawifi. Kwetu Kiboriloni tuligombana kwa sababu ya kamera. Kikoba chetu kilivunjwa mwezi wa kumi na moja, nikaondoka na shilingi milioni moja na laki mbili, pesa niliyoiweka kidogo kidogo mwaka mzima kutokana na mitumba yangu ya nguo za watoto. Mzee wa nyumba alikuwa ameshapiga hesabu yake: bati. Nyumba yetu ilikuwa imeishia kwenye lenta, na mwanaume wa Kichagga, nyie mnawajua, Krismasi hailiki vizuri kama ndugu zake wa Dar watakuja kukuta kuta zinatazama mbingu.

Mimi nilikuwa na hesabu nyingine. Ukikaa barabarani pale kwetu mwezi Desemba unaona magari yanavyomiminika kwenda Himo, Kilema, Marangu na Rombo, mengine yanakata kupanda Old Moshi. Watu wanarudi nyumbani, na wakirudi wanataka kila kitu kifanyike ndani ya wiki tatu: ubatizo, kipaimara, komunio, send-off, ndoa, kubariki nyumba. Ndafu zinachomwa mpaka mbuzi wanaadimika. Na kila shughuli inataka mtu wa picha. Mimi nimewahi kukaa kwenye vikao vya harusi ambapo kipengele cha picha kinajadiliwa muda mrefu kuliko cha msosi.

“Kila mtu ana simu,” mume wangu aliniambia. “Nani atakulipa umpige picha, mama watoto?”

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Simu za siku hizi zinapiga picha bomba, hasa mchana, hasa ukisimama mbele ya maua. Lakini hebu ingia kanisani saa kumi jioni, mvua inanyesha, madirisha madogo, umekaa benchi la nne kwa sababu mchungaji hataki watu wa picha wasogee madhabahuni, halafu bibi harusi anavishwa pete. Ukiivuta kwa simu ya kawaida, kidole na pete vinageuka uji. Au ukumbini saa tatu usiku, ukoo mzima wa watu 40 umepanga mistari mitatu, taa za rangi zinazunguka. Kazi ya kulipwa iko hapo, penye giza na penye umbali. Hiyo ya mbele ya maua waachie wenyewe.

Tuelezane kidogo kuhusu kamera zenyewe. DSLR ni ile kamera nene yenye kioo ndani kinachoruka kila unapobonyeza, ndiyo inayotoa ule mlio wa “kchak” unaowafanya watu wajipange vizuri. Mwaka 2003 Canon walitoa EOS 300D, DSLR ya kwanza kuuzwa chini ya dola 1,000 za Marekani. Nikon wakajibu na D70 mwaka 2004, kisha D40 mwaka 2006. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipoanza kuzigusa. Leo upepo umegeuka: kampuni zote mbili zimeweka nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, na waliokuwa na hizi za zamani wanaziuza ili wahamie huko. Kwetu sisi watu wa mitumba hiyo ni habari njema tupu. Vitz iliyochokwa Japani si ndiyo inayotamba hapa Moshi?

Nikaanza kuulizia. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba kamera moja inaweza kuwa na majina matatu, na muuzaji mjanja anaweza kukuuzia jina. Canon inayoitwa 600D huku kwetu na Ulaya, Marekani inaitwa Rebel T3i na Japani inaitwa Kiss X5. Ni kitu kile kile. Ile 700D nayo ni Rebel T5i, na Japani ni Kiss X7i. Kwa hiyo mtu akikuambia “hii ni ya Japani, ni tofauti,” mwambie akuonyeshe tofauti. Wewe angalia tu kama menyu yake ina Kiingereza.

Hilo jina la Kiss liliniletea kasheshe. Kijana mmoja wa mjini aliyekuwa ananitafutia alinitumia meseji saa nne usiku: “Mama Kiss yako imefika, njoo kesho uichukue.” Simu ilikuwa mezani. Aliyeisoma si mimi. Mwenzangu, usiombe! Ilibidi nifungue picha ya kamera, nionyeshe maandishi yaliyo usoni pake, na bado jamaa alinitazama kwa jicho la pembeni mpaka alfajiri. Asubuhi akasema, “Twende wote.”

Nashukuru alisema hivyo, maana baba watoto ni fundi gereji, na jicho la fundi ni jicho la fundi. Swali lake la kwanza kwa yule kijana lilikuwa, “Imetembea ngapi?” Kijana akacheka, akadhani ni utani. Kumbe ndilo swali lenyewe. Ndani ya kamera kuna pazia dogo, shata, linalofunguka na kufunga kwa kila picha, na kwa kamera za daraja hili hutengenezwa likitarajiwa kuhimili kama picha 100,000. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili la kila picha, unaweza kuisoma kwa kompyuta. Canon nyingi za bei nafuu haziandiki, kwa hiyo unabaki kusoma uchakavu. Mume wangu aligeuza kamera chini akaangalia vichwa vya skrubu. “Hii imefunguliwa,” alisema, maana zilikuwa na mikwaruzo ya bisibisi. Tukairudisha. Ya pili mpira wa mahali pa kushika ulikuwa umelegea na maandishi ya vitufe yamefutika. Imefanya kazi sana, akasema, bora teksi. Ya tatu, 600D, ilikuwa na skrubu safi na vitufe vinavyosomeka.

Hapo nikachukua zamu yangu. Nilimulika tochi ya simu ndani ya lenzi kutoka nyuma nikitafuta nyuzi kama za utando wa buibui. Huo ni ukungu, na sisi tunaoishi chini ya mlima tunajua masika inavyofanya hata viatu kabatini viote ndevu. Lenzi ikishaota ukungu inahitaji fundi, na uking’ang’ania humo huacha alama za kudumu kwenye kioo. Nilipiga picha ya mbingu tupu huku nimebana tundu la lenzi mpaka f/22, nikaikuza nione madoa ya vumbi lililokaa kwenye sensa. Yalikuwepo mawili pembeni, ya kusafishika. Nikapiga kwa kasi ya juu kabisa kuona kama kuna mstari mweusi unaokata picha, dalili ya shata kuchoka. Hakuna. Kwa bodi na lenzi yake ya kawaida ya 18-55 nikatoa laki sita na nusu.

Kwa nini si ile mpya ya dukani, ya bei karibu na hiyo? Hapa sikiliza kwa makini, maana wengi wanaumia. Canon EOS 4000D ya mwaka 2018 ni nyepesi na bei yake inavutia, lakini pale juu pa kuchomekea flashi waliondoa ile pini ya katikati. Hata 250D ya 2019 wameifanyia hivyo hivyo. Maana yake flashi za bei nafuu zinazotegemea pini hiyo, kama Yongnuo YN560 ambazo wapiga picha wetu wengi wanazo, ukiichomeka haiwaki. Unabaki na kamera mpya na ukumbi wenye giza. Upande wa Nikon nao kuna mtego wake: kuanzia D40, kamera zao ndogo za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya kuzungusha lenzi, kwa hiyo lenzi za zamani zilizoandikwa AF bila S utazungusha kwa mkono huku bwana harusi ameshapita. Si kwamba ni mbovu. D3500 ni kamera nzuri sana kwa anayeanza, ila ujue lenzi gani unainunulia.

Megapikseli zisikuumize kichwa. Picha ya inchi 6 kwa 8, ile ya albamu, inatosheka na megapikseli 4 na kitu. Yangu ina 18. Pesa ya kutafuta 24 ni bora uipeleke kwenye lenzi.

Na lenzi ndiyo iliyonibadilishia kazi. Canon wana kitu kidogo cha milimita 50, f/1.8, chepesi kama kikombe cha plastiki. Nilikipata kilichotumika kwa laki mbili. Ukilinganisha na ile ya 18-55 ukiwa umeivuta mwisho, hii inaingiza mwanga karibu mara kumi. Kanisani jioni hiyo ndiyo tofauti kati ya sura ya mtu na kivuli. Ubaya wake ni kwamba kwenye kamera za sensa ndogo kama hizi zetu inaona karibu kama lenzi ya milimita 80, kwa hiyo sebuleni kwa watu unarudi nyuma, unarudi nyuma, mpaka unakalia kabati la vyombo. Ya 18-55 usiiuze. Utaihitaji kwa picha za ukoo.

Zilizobaki laki tatu na nusu ziligawanyika hivi: flashi iliyotumika laki na ishirini, betri ya pili (aina ni LP-E8, ile ile inayoingia 550D, 650D na 700D, kwa hiyo kuazima ni rahisi), kadi mbili za kumbukumbu na begi. Kadi ni mbili ndogo badala ya moja kubwa kwa sababu kamera hizi zina nafasi moja tu, na kadi ikifa usiku wa harusi inakufa na ndoa ya watu. Na kadi feki zimejaa! Imeandikwa 64 kumbe ndani ina 8. Inapokea picha kwa adabu zote, halafu ukifika nyumbani faili hazifunguki. Dawa ni kuijaza yote kabla ya kazi, kisha fungua picha moja moja mpaka ya mwisho. Ndani ya begi nimeweka vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya, “usile” vimeandikwa, vinanyonya unyevu. Tripodi sikununua. Ile ya elfu arobaini inatikisika kwa upepo wa Kiboriloni, na nzuri sina pesa yake.

Shela ndiyo iliyonifundisha kazi. Kamera ina akili moja tu: inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Ikiona gauni jeupe limejaa kwenye picha inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na uso wa bibi harusi wetu mweusi wa kupendeza unakuwa mweusi wa mkaa. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ongeza moja, uso unarudi. Nilifanya mazoezi siku tatu kwa kumfunga binti yangu shuka jeupe. Bwana harusi mwenye suti nyeusi ni kinyume chake, punguza kidogo, la sivyo anapauka kama amepakwa unga. Na kama wanataka mlima nyuma yao, waambie mapema: Kibo na Mawenzi mara nyingi vinaonekana asubuhi, na saa sita vimeshajifunika mawingu. Hakuna lenzi ya kufungua wingu.

Sasa bati. Tulikubaliana kwamba pesa ya kazi za Desemba inaenda juu ya nyumba, na daftari la kazi analishika yeye. Nilipata kipaimara tatu, ubatizo na send-off moja. Vyumba viwili vimepauliwa. Viwili bado vinatazama mbingu, na shemeji wa Dar alisema lake, tukamkatia ndafu.

Aliyenishangaza ni mama mkwe. Toka mwanzo alikuwa upande wa bati: “Picha hailiwi,” alisema, akanyamaza. Januari, wageni wameshaondoka, alikuja asubuhi amevaa kitenge chake cha kanisani na kilemba, akasema anataka picha moja, peke yake. Nikamuuliza ya nini, mama. Akajibu kama mtu anayeagiza sukari: ya kuweka mbele ya jeneza. Ya baba mkwe tuliikuza kutoka kwenye kitambulisho, na siku ya mazishi hakuna aliyemtambua vizuri. Hilo limemkaa moyoni miaka yote hii.

Nilimkalisha karibu na dirisha, saa mbili asubuhi, pazia nusu, lenzi ya 50, bila flashi. Nikamwambia asitabasamu kama hataki. Alitabasamu. Akaiangalia nyuma ya kamera kwa muda mrefu, akaniuliza kama naweza kuitunza isipotee. Ipo kwenye kompyuta na kwenye kadi nyingine kabatini, na mume wangu ameomba moja ndogo ya kuweka kwenye pochi yake.